Kamyo imeanguka, umeumia: kidole kingoje

Maneno haya tuliyasema sisi watatu wa tume ya afya na karatasi, mbele ya mkutano wa wanachama hapa Baraka. Tumeyaandika karibu sawa yalivyosemwa, juu wanachama wa Mboko, Lusenda na Kazimia waliomba wayapate.



Kamati ilituomba tuzungumze juu ya ajali za kamyo. Hatukushangaa. Tangu kiangazi kianze tumekwenda kuwaona wanachama hospitalini mara nyingi kuliko tulivyokwenda kwenye arusi. Kule Lugufu na Nyarugusu tulisema lori, hapa tumezoea tena kusema kamyo. Jina lolote, gari ni lile lile: mizigo chini, watu juu, na konvwayeri amening'inia nyuma.

Siku tuliporudi, tulivuka ziwa kwa meli toka Kigoma mpaka hapa, na kila mmoja alikuwa na jina lake kwenye orodha ya HCR. Hakuna aliyeshuka bila kuhesabiwa. Tangu siku ile hakuna tena anayeandika majina yetu tukipanda gari. Unalipa mkononi, hupati tiketi, unakaa juu ya magunia ya ndagala au madumu ya mawese mpaka Uvira. Kamyo ikianguka, hakuna karatasi hata moja inayosema ulikuwa juu yake. Karibu shida zote tutakazosema leo zinatoka hapo.

Kwa hiyo kabla ya ajali yenyewe, jambo dogo. Ukitaka kupanda, soma plake ya gari na jina lililochorwa mbele, tuma ujumbe kwa mtu wa nyumbani: nimepanda gari fulani, plake hii, naenda mahali fulani. Asiye na simu amwambie mtoto aandike kwenye daftari. Mwanachama mmoja wa upande wa Mboko alikanwa na mwenye gari mbele ya watu: "Mimi simujui huyu mama, hakukuwa mu kamyo yangu." Mtoto wake akatoa simu, akaonyesha ujumbe wa asubuhi ile, na saa yake. Mwenye gari akaomba kiti, akakaa.

Sasa tuseme imeanguka.

Ukiweza kutembea, toka na usogee mbali. Kama unasikia harufu ya petroli, usiwashe kitu, na usiache mtu awashe sigara. Kama ni gari la kubeba mafuta, kimbia, na uwafukuze watoto. Wengi wenu mna ndugu kwenye bonde la Ruzizi, kwa hiyo Sange mnaijua. Tarehe 2 Julai 2010, jioni, gari la mafuta lilipinduka pale, kwenye njia ya Bukavu na Uvira. Watu walikuja na ndoo na mabeseni kuteka. Wengine walikuwa kwenye nyumba za video wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukashika, wakafa watu zaidi ya 230. Wengi wao hawakuwa wamepanda gari lolote.

Watu wetu wana huruma, lakini huruma yao ina haraka. Wakifika wanavuta: huyu mkono, yule mguu. Tafadhali. Mtu anayesema shingo inamuuma, au hasikii miguu yake, asikalishwe na asisimamishwe. Abebwe na watu wanne au watano kwa pamoja, mwili umenyooka sawa na mbao, alazwe juu ya mlango au ubao. Kipoyi cha babu zetu kinafaa hapa kuliko piki. Tumeona mgonjwa wa mgongo amewekwa katikati ya watu wawili kwenye piki, kichwa kinacheza kila shimo. Damu ikitoka, kunja kitenge safi, weka juu ya kidonda, gandamiza kwa nguvu, usifunue kila dakika kutazama. Usimwage petroli wala udongo wala majani yaliyotafunwa. Na anayelia sana bado ana pumzi. Mwende kwanza kwa yule aliyenyamaza.

Kuna mwingine, huyu ndiye anatusumbua sana. Anasimama, anajipangusa vumbi, anasema "miko muzima", anatafuta viatu vyake na kuendelea na safari. Usiku tumbo linakuwa gumu, au mkojo unatoka na damu, au anatapika na kusinzia hovyo kwa sababu ya kichwa. Kila aliyeanguka na kamyo afike hospitalini siku ile ile, hata kama anatembea. Kwanza ni kwa uhai wake. Pili, jeraha lililoandikwa wiki tatu baadaye, wakili wa mwenye gari atauliza kama hukuanguka kwenye mwembe.

Juu ya wafungaji wa mifupa tutasema wazi, ingawa baadhi yenu mtakasirika. Tunawaheshimu. Kuna wazee hapa wametengeneza mikono ya watoto wengi. Lakini mfupa uliotoboa ngozi ni wa hospitali, na chanjo ya tetanosi inatakiwa. Hata mfupa usiotoboa, upigwe radio kwanza, ijulikane umevunjika namna gani. Na popote unapofungwa, tazameni vidole: vikiwa baridi, vikigeuka rangi, mgonjwa asipovisikia, legezeni saa ile ile, hata usiku. Tumeona mguu umekatwa ambao kamyo haikuuharibu. Kamba ndiyo iliyouharibu.

Basi tuingie kwenye karatasi. Wanaoandika ni wawili, polisi na daktari, na maandishi yao lazima yakutane.

Polisi ya barabara inaandika PV: gari gani, nani aliliendesha, liliangukaje, nani waliumia. Wakati wewe umelala, ndugu yako aende kituoni aseme jina lako liingie. Msifikiri litaingia lenyewe. PV ya kamyo iliyoangusha watu ishirini inaweza kuwa na majina sita, wale waliokuwa wamesimama siku ile. Apige picha ya gari kabla halijavutwa, ya plake, na ya karatasi ya asiransi kwenye kioo cha mbele. Achukue majina na simu za mashahidi wawili ambao si wa ukoo wenu. Aombe namba ya PV na kuiandika. Mara nyingine ataombwa franga ya karatasi na ya mafuta ya piki; hayo mnayajua, hatutasema zaidi.

Halafu kuna rekizisyo. Ni barua ambayo polisi au parke inamwandikia daktari: mpime mtu huyu, utuambie ameumia namna gani. Daktari anajibu kwa sertifika: majeraha yake, siku ngapi hatafanya kazi, na kama kutabaki kilema. Karatasi ya kawaida ya hospitali inasema tu kwamba ulitibiwa. Ile ya rekizisyo inajibu swali la sheria, na mahakamani ina uzito mwingine. Mwombe ndugu yako aifuate mapema. Pamoja na hiyo, tunzeni fakture zote, hata ya paraseta, hata ya piki iliyowaleta wauguzi dawa, hata kikaratasi cha waliobeba kipoyi. Tieni kwenye mfuko wa plastiki, mfunge vizuri. Panya na mvua vimewanyima watu wetu haki kuliko mahakimu.

Sasa tunafika mahali tulipotaka kufika.

Kawaida siku ya pili au ya tatu mwenye kamyo anakuja hospitalini. Anakuja na mkubwa wa mtaa, pengine na mchungaji, ana soda na mkate, ana bahasha. Anasikitika, na hatusemi anadanganya. "Mama, ni ajali, ni Mungu. Mupokee hii, tumalize maneno." Ndani ya bahasha kuna dola mia. Chini ya bahasha kuna karatasi ya Kifaransa, na mtu ameshika kidau cha wino.

Tuwaze siku ile. Hospitali imesema operesheni haianzi bila kianzio. Watoto wako nyumbani, shamba limeachwa, dawa zinanunuliwa nje. Kule kambini mtu aliumia akabebwa mpaka hospitali ya kambi, hakuna aliyemwuliza franga. Sisi tulilea watoto kwa desturi ile, na ni lazima tuseme wazi kwamba imebaki ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo hatumlaumu aliyepokea.

Mama mmoja wa seli yetu alivunjika paja. Alipokea, akatia kidole. Baada ya mwezi mfupa haujaungana, daktari akasema atiwe chuma, aende Bukavu. Familia ikarudi kwa mwenye kamyo. Yeye hakugombana. Alifungua mfuko wa shati, akakunjua ile karatasi, akawapa waisome. Ilikuwa imeandikwa "pour solde de tout compte". Maana yake: nimelipwa yote, sina tena cha kudai, leo na kesho. Mama yule anatembea kwa fimbo mpaka leo, na shamba lake la Sebele analima mwingine.

Shikeni maneno hayo ya Kifaransa kwa macho, hata kama hamsomi lugha: "solde de tout compte". Mengine ya ukoo ule ni "désistement" na "renonciation". Mkiyaona, kidole kingoje. Maneno mnayoyataka ninyi ni "à titre d'avance sur les soins", yaani ni sehemu ya kwanza kwa ajili ya matibabu. Na hakuna anayewakataza kuandika kwa Kiswahili. Karatasi kati ya watu wawili inashika hata kwa Kiswahili: "Leo tarehe fulani nimepokea dola 100 kwa fulani, mwenye gari la plake fulani, kwa ajili ya dawa. Maneno ya ajali hayajaisha." Mtie sahihi wote wawili na mashahidi, kila mmoja akae na kopi. Mwenye gari aliyekuja kweli kwa ajili ya dawa atakubali. Akikataa, mjue alikuja kununua kidole.

Kuna njia nyingine ya kunyonga. Mgonjwa amepona kiasi, amepewa ruhusa, lakini fakture haijalipwa na hospitali inamzuia asitoke. Anakaa wiki, anakaa mwezi, deni linaongezeka. Hapo mwenye gari anarudi: nitalipa yote utoke leo, tia kidole. Ikifika hivyo mtuite kabla. Chama kinaweza kwenda kwa wakubwa wa hospitali kuomba deni lilipwe kidogo kidogo, na kamati ikatia sahihi.

Hatusemi kusikilizana ni kubaya. Kesi ni ndefu, na kusikilizana kuzuri kunawezekana. Lakini kuwe baada ya daktari kusema jeraha limefika mwisho wake, na mhesabu yote: matibabu, miezi bila kazi, kilema. Kwa aliyekufa ni vile vile. Jeneza na mchele wa matanga vikipokelewa, viandikwe kuwa ni msaada wa matanga.

Juu ya asiransi, kwa kifupi. Katika nchi yetu, tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila gari linalotembea barabarani lazima liwe na asiransi ya kulipa wale litakaowaumiza. Zamani ilikuwa ni SONAS peke yake. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, kwa hiyo usiseme tu SONAS, soma jina lililo kwenye karatasi ya gari. Gari la nje, mfano la Tanzania, linaweza kuwa na kadi ya manjano ya COMESA; Tanzania na Kongo zote zimo katika mpango huo. Pigeni picha ya kadi.

Wataweza kukuambia: ulikuwa juu ya mizigo, gari hili si la abiria, asiransi hailipi. Inaweza kutokea hivyo, tusidanganyane. Lakini mwenye gari hatoki bure. Sheria ya zamani sana, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, bado inafanya kazi. Kifungu cha 258 kinasema anayemletea mwenziwe hasara kwa kosa lake atailipa. Kifungu cha 260 kinaongeza kwamba mtu anajibu pia juu ya watu anaowatuma kazi na vitu alivyo navyo chini ya ulinzi wake. Shofere ametumwa na kamyo ni kitu, na mwenye vyote viwili anajulikana.

Mahakama ina gharama, hilo linawatisha wengi. Asiye na kitu anaweza kuomba hati ya umaskini kwa ofisi ya mambo ya kijamii. Chama cha mawakili kina ofisi ya kutoa mashauri bure. Yule kijana mwenye mkoba anayezunguka vitandani akisema "nipe karatasi zako za asili, nitakufuatilia", mpe kopi tu, asili ibaki kwenu. Na muulizane fungu lake mapema, kwa maandishi.

Sasa jambo letu sisi tuliorudi, ambalo waliobaki hapa hawana sana. Majina. Kambini waliandika Wilonja, hapa karte ya elekta inasema Wilondja. Tarehe ya kuzaliwa kule ilikuwa 1 Januari kwa nusu ya kijiji. PV ina jina moja, hospitali ina lingine, na anayetakiwa kulipa atafurahi sana kusema hao ni watu wawili. Chagueni jina lililo kwenye karte ya elekta, mlitumie hilo kila mahali, herufi kwa herufi, na ndugu anayekwenda kituoni aende na kopi yake mkononi. Wajane ndio wanaumia zaidi. Wengi tulioana kambini, mbele ya wazee na kanisa, mahari ikatolewa, lakini ofisi ya état civil ya hapa haina habari. Mume akifa barabarani, mama anaulizwa: wewe ni nani wake? Ndoa iandikishwe sasa, mume akiwa mzima, na watoto waliozaliwa Tanzania pia. Mababa, hili tunawaambia ninyi. Bibi zenu wametuomba tulirudie.

Mwisho, sanduku. Kuna wanachama wanasema sanduku ni la matanga, lisiguswe kwa mengine. Tunawaelewa, juu kuzikwa bila sanda ni aibu iliyotuleta pamoja. Lakini sisi tume tunaleta ombi mbele ya mkutano mkuu, nalo ni hili: mwanachama akianguka na kamyo, sanduku limkopeshe ndani ya siku tatu za kwanza, franga ya kumfikisha hospitali, ya sertifika, ya kopi, na sehemu ya kianzio cha operesheni. Atarudisha akilipwa. Asipolipwa, mkutano utaamua. Na kila seli ichague mtu mmoja anayesoma Kifaransa, aitwe kitandani kabla ya kidole chochote. Dola mia za mwenye kamyo zina nguvu siku ile moja tu, siku ambayo mgonjwa hana kitu. Siku hiyo sanduku likimpa hata arobaini, atakuwa na wiki ya kufikiri.

Baba mmoja wa Lusenda aliuliza: na kama shofere ni mwenzetu, alirudi pamoja nasi, tumpeleke polisi? Swali hilo lilileta kelele. Tulijibu hivi. Kuumiza watu kwa uzembe kunaadhibiwa na sheria, na shofere anaweza kukamatwa; hatuwezi kusema hapana. Lakini PV inaandika pia kwamba breki zilikuwa mbovu na kwamba mwenye gari aliamuru mizigo ipite kipimo. Bila PV, shofere ndiye anabebeshwa yote mitaani, na tajiri anatafuta shofere mwingine wiki ile ile. Shofere mwanachama atatembelewa gerezani na kamati ile ile inayomtembelea mgonjwa. Mama wa paja alikuwa amekaa mstari wa mbele, akasema yeye amekubali. Baba wa Lusenda akasema atafikiri.

Ombi letu litapigiwa kura kwenye mkutano mkuu. Wanaosoma Kifaransa na wako tayari kuitwa usiku, waandikishe majina kwa katibu wa seli yao, kwa herufi za karte ya elekta.